Shemasi, padre, askofu: safari ya Daraja Takatifu

Mwaka 251 Papa Kornelio alimwandikia barua Fabio, askofu wa Antiokia, akamtajia watumishi wa Kanisa la Roma: mapadre 46, mashemasi 7, mashemasi wadogo 7, waakoliti 42, na wapunga pepo, wasomaji na mabawabu 52. Papo hapo akataja wajane na maskini zaidi ya 1,500 waliotunzwa na Kanisa hilo. Barua hiyo, iliyohifadhiwa na mwanahistoria Eusebio, inawaweka viongozi na wahitaji katika hesabu moja. Vyeo vilikuwepo kwa sababu kulikuwa na watu wa kuhudumiwa.

Mwanzoni ngazi tatu za Daraja, yaani shemasi, padre na askofu, hazikuwa wazi. Katika Agano Jipya, askofu na mzee wa Kanisa mara nyingine ni mtu yule yule. Ni nyaraka za Ignasi wa Antiokia, za mwanzoni mwa karne ya 2, zinazoonyesha bayana askofu mmoja, wazee wanaomzunguka, na mashemasi. Wazee hao ndio tunaowaita mapadre leo.

Siku hizo shemasi alikuwa mtu mzito. Ndiye aliyetunza fungu la maskini na kutumwa na askofu, na mapokeo yanamkumbuka hivyo Laurenti, shemasi wa Roma aliyeuawa mwaka 258. Uzito huo ulizaa msuguano: Mtaguso wa Nisea wa mwaka 325 ulilazimika kuwakataza mashemasi wasiwape mapadre Komunyo wala kuketi kati yao.

Kilichogeuza mambo hasa ni kuongezeka kwa waumini. Askofu hakuweza tena kufika kila mahali, hivyo padre, aliyekuwa mshauri wake, akakabidhiwa altare na jumuiya ya kuongoza. Padre akapanda, shemasi akashuka. Kufikia Zama za Kati, katika Kanisa la Magharibi ushemasi ulikuwa umebaki kituo cha kupitia kuelekea upadre, ingawa mwaka 1073 Gregori VII alichaguliwa kuwa Papa akiwa bado shemasi.

Wengi hudhani kardinali ni daraja ya nne. Sivyo. Ni heshima na wajibu, hasa wa kumchagua Papa, na msingi wake uliwekwa mwaka 1059 na Papa Nikola II. Mtazame Laurean Rugambwa wa Bukoba: alipata upadre mwaka 1943 na uaskofu mwaka 1952, mara zote mbili kwa kuwekewa mikono, ishara ya sakramenti ya Daraja. Papa Yohane XXIII alipomfanya kardinali mwaka 1960, Mwafrika wa kwanza wa zama hizi, hakuwekewa mikono tena. Alipewa kofia nyekundu.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulirudi kwenye chemchemi. Mwaka 1964 ulitamka kwamba uaskofu ni utimilifu wa sakramenti ya Daraja, jambo ambalo wanateolojia wengi wa Zama za Kati hawakulikubali. Kwao askofu alikuwa padre aliyeongezewa mamlaka. Mtaguso huohuo ulifungua tena mlango wa shemasi wa kudumu, anayeweza kuwa mwanamume mwenye mke, na Papa Paulo VI akatoa kanuni zake mwaka 1967. Mwaka 1972 akafuta ushemasi mdogo na daraja ndogo, yaani zile za waakoliti, wapunga pepo, wasomaji na mabawabu. Usomaji na uakoliti vikabaki huduma za walei.

Historia hiyo inatudai tusimwone shemasi kama padre ambaye hajakamilika. Kwa taratibu za sasa kila padre hupitia ushemasi, na daraja hiyo haimtoki anapopanda, hata awe askofu. Kuwatunza maskini, basi, si kazi ya kuwaachia walio ngazi ya chini. Ni kiapo cha kwanza cha wote watatu, na waumini wana haki ya kuwakumbusha.