Chapa Kitakoni mwa Sahani

Katika karne ya 18 wafinyanzi wengi wa Uingereza hawakuandika lolote kwenye vyombo vyao. Chelsea, kiwanda cha kauri kilichoanza London miaka ya 1740, kiliweka nanga ndogo: kwanza ya udongo ulioinuka, kisha nyekundu, mwishowe ya dhahabu. Hiyo ya dhahabu imeigwa mno, hasa na kiwanda cha Samson cha Paris, na mnunuzi anayeitegemea peke yake atapata hasara.

Josiah Wedgwood, aliyeanza kazi yake mwenyewe Burslem mwaka 1759, aligonga jina lake katika udongo mbichi, likaingia tanurini pamoja na chombo. Jina hilo likawa mali, na wengine wakalitamani. Kiwanda cha William Smith, Stockton, kiligonga "Wedgewood", kwa e ya ziada katikati, hadi mahakama ilipokizuia mwaka 1848.

Wizi wa maumbo na nakshi nao ndio uliozaa kumbukumbu tunazozitegemea leo. Kuanzia 1842 aliyebuni umbo au nakshi aliweza kuisajili serikalini, na chombo kikapigwa alama ya msambamba yenye herufi na tarakimu pembeni. Juu yake hukaa IV, yaani daraja la vyombo vya udongo. Herufi ya mwaka haikufuata abjadi: X ni 1842, H ni 1843, C ni 1844. Zilipokwisha, X ilirudi mwaka 1868, safari hii ikiwa kona ya kulia badala ya juu. Asiyeangalia kona hukosea miaka 26. Tena tarehe hiyo ni ya kusajili nakshi. Sahani yenyewe huenda ilichomwa miaka kadhaa baadaye.

Msambamba ulikoma 1883, zikaja namba za kawaida zikitanguliwa na "Rd No". Kisha sheria ya ushuru ya Marekani ikadai bidhaa zitaje nchi zilikotoka, na kuanzia 1891 neno "England" likaenea. "Made in England" kwa kawaida ni la karne ya 20.

Vyombo hivi vilifika pwani yetu pia karne ya 19. Mwenye sahani ya bibi kabatini aigeuze na kuisoma kabla ya kuiuza, wala asiisugue kitako kwa mchanga: chapa iliyopakwa juu ya king'arizi, yaani tabaka linalong'arisha chombo, hufutika.