Paul Campbell Hakuwahi Kuzaliwa

Mwanzoni mwa mwaka 1952 santuri moja ya kampuni ya Decca ilikuwa ikipanda katika orodha za mauzo nchini Marekani. Waimbaji walikuwa The Weavers, watu wanne waliosindikizwa na okestra ya Gordon Jenkins. Wimbo uliitwa "Wimoweh", na mtunzi aliyetajwa alikuwa Paul Campbell. Waimbaji tunawajua na kiongozi wa okestra tunamjua. Paul Campbell hakuwahi kuzaliwa. Lilikuwa jina la bandia ambalo The Weavers na wachapishaji wao walilitumia kusajili hakimiliki ya nyimbo walizozihesabu kuwa za jadi, yaani nyimbo zisizo na mwenyewe, ili mirabaha isipotee bure.

Mwenyewe alikuwepo, tena alikuwa hai. Aliitwa Solomon Linda, Mzulu aliyezaliwa mwaka 1909 katika mashamba ya Natal na kwenda Johannesburg kutafuta kazi, kama walivyofanya vijana wengi wa kizazi chake. Mwaka 1939 aliingia na kundi lake, Evening Birds, katika studio ya Eric Gallo wakarekodi wimbo ulioitwa "Mbube", maana yake simba. Waliurudia mara kadhaa. Katika mara ya mwisho Linda, aliyekuwa akiimba kwa sauti nyembamba juu ya besi za wenzake, alibuni papo hapo mfululizo wa noti ambao haukuwamo katika mazoezi. Noti hizo chache ndizo ambazo dunia nzima inazijua leo. Santuri hiyo inatajwa kuwa ya kwanza barani Afrika kuuzwa nakala 100,000, na jina lake likawa jina la mtindo mzima wa uimbaji wa kwaya za wafanyakazi wahamiaji. Linda aliuza haki zake kwa kampuni hiyo kwa shilingi 10, na aliajiriwa nayo kazi ya kufungasha santuri.

Kila mwaka huwachezea wanafunzi wangu rekodi hiyo ya 1939 bila kuwaambia ni nini. Wengi hutabasamu sauti ile nyembamba inapoingia, kisha husema kwamba ni wimbo wa filamu ya katuni. Hawajakosea sana. Ninachotaka waone ni njia ambayo wimbo uliipita kutoka Johannesburg hadi kwenye filamu, kwa sababu katika njia hiyo hakuna hata mtu mmoja aliyedhani kwamba anaiba.

Santuri ya Linda ilifika New York baada ya vita pamoja na nyingine zilizotumwa kwa Decca ili zifikiriwe kutolewa Marekani. Decca hawakuzitaka. Alan Lomax, mkusanyaji maarufu wa nyimbo za watu wa kawaida, aliziokoa zisitupwe akampelekea rafiki yake Pete Seeger. Seeger aliusikiliza "Mbube" tena na tena, akaandika alichokisikia. Kibwagizo cha Kizulu kilimfika sikioni kama "wimoweh", akakiandika hivyo. Jina la Solomon Linda lilikuwa limechapwa kwenye santuri aliyokuwa ameishika. Alilisoma kama jina la mwimbaji, akaamini kwamba wimbo wenyewe ni wa kale, wa Wazulu wote.

Hapa ndipo penye uzito kwetu sisi tunaojiita wanaharakati. Seeger hakuwa bepari. Alikuwa mtu wa mrengo wa kushoto aliyeamini kwa dhati kwamba nyimbo ni urithi wa umma, na aliyaimbia maandamano na vyama vya wafanyakazi hadi uzee wake. Mwezi Februari 1952, "Wimoweh" ikiwa bado inauzwa, mtoa habari wa FBI, Harvey Matusow, aliwataja waimbaji wa The Weavers kuwa wakomunisti. Milango ya kumbi na redio ikafungwa, na kundi likavunjika muda mfupi baadaye. Matusow mwenyewe alikuja kukiri kwamba alikuwa mwongo. Kwa hiyo tuna kundi lililodhulumiwa na dola ya nchi yake wakati uleule jina lake la bandia lilipokuwa limekalia haki ya mfanyakazi mweusi wa Johannesburg. Kuamini kwamba wimbo ni mali ya wote kulitosha kumfuta mtu mmoja, maana katika biashara ya santuri mali ya wote hairuhusiwi kubaki hivyo. Lazima isajiliwe kwa jina la mtu, hata kama mtu huyo ni wa kubuni.

Linganisha na "Goodnight, Irene", wimbo ambao The Weavers hao hao waliufikisha kileleni mwaka 1950 ukakaa huko wiki 13. Huo walijifunza kwa Lead Belly, Mmarekani mweusi aliyekuwa amefariki miezi michache kabla, Desemba 1949. Jina lake, Huddie Ledbetter, lilibaki kwenye hakimiliki, ingawa pembeni yake liliwekwa jina la John Lomax, babake Alan. Ni dhuluma ya nusu kwa nusu, lakini mjane alikuwa na cha kudai. Lead Belly alionekana kuwa mtu. Linda alionekana kuwa kabila.

Seeger alieleza baadaye kwamba alipotambua wimbo una mtunzi alimpelekea Linda dola 1,000 na kuwaagiza wachapishaji wampatie mgawo wake. Namwamini. Ila agizo si mkataba, na fedha zilizofika zilikuwa chache mno. Mwaka 1961 kundi la The Tokens liliubadilisha wimbo kuwa "The Lion Sleeps Tonight", ukawa namba moja Marekani, nao walioandikwa watunzi sasa walikuwa Weiss, Peretti na Creatore. Oktoba 1962 Linda alifariki kwa maradhi ya figo. Kaburi lake lilikaa miaka 18 bila jiwe.

Filamu ya Disney, The Lion King, ilitoka mwaka 1994. Mwaka 2000 mwandishi wa Afrika Kusini, Rian Malan, aliifichua historia yote katika jarida la Rolling Stone. Wanasheria, wakiongozwa na Owen Dean, walipata silaha mahali ambapo hakuna aliyetazamia: sheria ya hakimiliki ya Uingereza ya mwaka 1911, iliyotumika katika dola yake, Kenya ikiwemo. Sheria hiyo ilisema kwamba mtunzi akishauza haki zake, miaka 25 baada ya kifo chake haki hizo hurudi kwa warithi. Kwa Linda hiyo ilikuwa 1987. Sheria ya mkoloni, iliyotungwa kwa kuwafikiria warithi wa waandishi wa Kiingereza, ilikuwa imewalinda binti zake bila wao kuambiwa. Disney walishtakiwa mwaka 2004, na Februari 2006 wadai walifikia mapatano na wenye haki wa Marekani: Linda akatambuliwa kuwa mtunzi mwenza, na familia ikaanza kulipwa.

Nimeandika haya kwa sababu ya neno "jadi". Miaka michache iliyopita niliruhusiwa kusikiliza kanda za zamani katika hifadhi moja ambayo sitaitaja. Kwenye kila kasha kulikuwa na jina la aliyerekodi, tarehe, aina ya mashine, na hata jina la dereva wa gari. Mahali pa mtunzi pameandikwa "wimbo wa asili", na mahali pa waimbaji "wanawake wa kijiji". Katika kanda mojawapo mwanamke mmoja anaitwa na wenzake kwa jina lake kabla ya kuanza kuimba. Linasikika wazi kabisa. Nilimwuliza ofisa kama tunaweza kuliongeza kwenye orodha. Akanijibu kwa upole kwamba waimbaji walikuwa wengi, na itakuwa vigumu kujua nani alitunga nini.

Evening Birds walikuwa sita.