Mwalimu Aliyekuwa Mlezi: Urithi wa Shule za Misheni Kilimanjaro

Historia ya sharika za Kilimanjaro haitenganishwi na historia ya darasa. Tangu wamisionari wa Leipzig walipofika Machame mwaka 1893, kanisa na shule vilikua pamoja kama watoto pacha.

Hata hivyo, ulezi haukuletwa na wageni. Bruno Gutmann, aliyetumika miaka mingi Old Moshi, aliyaandika mafundisho ya jando ya Wachagga katika vitabu vitatu vilivyochapishwa kati ya mwaka 1932 na 1938. Humo twaona kwamba kijana hakuachwa ajifunze peke yake. Alikuwa na mlezi wa kumfundisha, na fimbo yenye alama za kuchongwa, iitwayo mregho, ilisaidia mafundisho yasisahaulike.

Mwalimu wa shule ya misheni aliirithi nafasi hiyo. Mafunzo ya walimu yaliyoanzishwa Old Moshi mwaka 1902 yalihamia Marangu mwaka 1912. Waliohitimu walifundisha watoto kusoma, kuandika na kuhesabu, na Jumapili wakasimama mbele ya watoto wale wale kuongoza ibada. Mtoto alimwona mwalimu wake darasani, shambani na msibani. Maisha yake yote yalikuwa somo. Wote hawakuwa wapole. Fimbo ilitumika, na si kila mtoto aliipenda shule. Lakini mwalimu alimjua mtoto kwa jina, akaijua na nyumba alikotoka.

Thamani ya ulezi huo ilidhihirika mwaka 1920, wamisionari wa Kijerumani walipolazimishwa kuondoka nchini. Kabla Wamarekani wa Augustana hawajafika kusaidia, na Wajerumani kurejea kuanzia mwaka 1925, ni walimu Waafrika waliobeba mzigo wa sharika na shule. Aliyelelewa naye akalea.

Kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, shule za msingi za kanisa zilitwaliwa na Serikali. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974 watoto waliongezeka kwa wingi, na vijana waliomaliza darasa la saba wakaandaliwa haraka kuwa walimu. Ada ilipofutwa mwaka 2001, madarasa yalifurika tena. Hayo yalikuwa mema, kwa kuwa mtoto wa maskini naye alipata dawati. Lakini mwalimu mwenye watoto wengi kupita kiasi hawezi kumjua kila mmoja.

Hapo ndipo penye deni la usharika. Kanisa lilikabidhi majengo. Ulezi halikuagizwa kuukabidhi. Mzee anayeketi na mtoto asiyejua kusoma, mama anayeuliza kwa nini fulani hakuonekana shuleni, kijana wa sekondari anayemsaidia mdogo wake hesabu: hao ndio warithi halali wa walimu wa kwanza. Miaka mia ijayo itawauliza Wakristo wa leo swali moja: ni watoto wangapi waliwajua kwa majina?