Kipunji wa Rungwe na mizizi ya Kigiriki

Juni nilikuwa nyumbani Kisondela, Rungwe. Mdogo wangu wa Kidato cha Kwanza akanionyesha daftari lake la msamiati. "Dada, haya nayakariri tu." Nilimwelewa. Miaka saba unasoma sayansi kwa Kiswahili, halafu ghafla kila kitu ni Kiingereza.

Nikamwandikia mizizi minne ya Kigiriki: bio (uhai), geo (ardhi), logia (elimu), grafia (uandishi). Akaiunganisha mwenyewe, akapata "biology", "geology", "biography" na "geography". Mizizi minne, maneno manne.

Kwa nini Kigiriki? Kwa karne nyingi wasomi wa Ulaya walisoma Kilatini na Kigiriki, na kila walipohitaji jina jipya walichota huko. Mwaka 1758 Carl Linnaeus, msomi wa Sweden, aliutumia kwa wanyama wote mtindo wa kuwapa majina mawili mawili. Mtindo huo umefika hadi kwetu.

Mwaka 2003 watafiti waliokuwa Mlima Rungwe walisikia kwa wawindaji Wanyakyusa habari za kipunji, mnyama wa msituni mwenye haya. Wakamtafuta hadi wakamwona. Mwaka 2005 alitangazwa kwa jina Lophocebus kipunji. Tulikate: lophos ni kishungi, kebos ni kima mwenye mkia mrefu. Kweli, kipunji ana kishungi kichwani, na mkia wake ni mrefu.

Baadaye kipunji mmoja alikutwa amekufa kwenye mtego wa mkulima. Vipimo vya vinasaba vikaonyesha kwamba undugu wake uko karibu zaidi na nyani kuliko na wale kima wa kundi la Lophocebus. Mwaka 2006 akapewa kundi lake peke yake: Rungwecebus. Mlima wetu ukaungana na Kigiriki.

Hapo ndipo penye funzo. Mzizi unakuambia aliyetoa jina aliona nini, ila haukuhakikishii kwamba alipatia. Hata "atom" kwa Kigiriki ni kisichokatika, na leo tunajua atomu inagawanyika.

Kwa hiyo ukikutana na neno gumu, likate kwanza, kisha rudi kwenye kitu chenyewe uhakikishe. Halafu kumbuka: jina la Kigiriki lilibadilishwa ndani ya mwaka mmoja tu, lakini kipunji, jina la wawindaji wetu, halikuguswa.