Saa Iliyopita Karagwe

Wakusanyaji wa saa za kale wana kanuni moja: kabla ya bei, uliza mwaka. Kwa kronografu, yaani saa yenye mshale wa pekee unaoanzishwa, kusimamishwa na kurejeshwa sifurini kwa kitufe, mwaka hutafutwa katika namba iliyochongwa kwenye kasha na katika aina ya mtambo. Mtambo wa Valjoux 72, kwa mfano, ulitengenezwa Uswisi tangu 1938 hadi 1974; saa ya mkono yenye mtambo huo haiwezi kuwa ya 1930. Mwaka ukishajulikana, ndipo huulizwa zilitengenezwa ngapi na zimesalia ngapi.

Kanuni hiyo ni ya haki, lakini historia ya Karagwe yaonyesha kwamba haitoshi.

Novemba 1861 Waingereza John Hanning Speke na James Augustus Grant walifika kwa Mukama Rumanyika, katika nchi ambayo leo ni wilaya za Karagwe na Kyerwa. Mizigoni mwao mlikuwa na kronomita. Hii ni nduguye kronografu, ila kazi yake si kupima muda wa tukio bali kutunza saa bila kupotoka. Msafiri aliihitaji ili ajue alipo: dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa, hivyo kosa la dakika nne lilisogeza mahali kwenye ramani kwa uzi mmoja wa longitudo, takriban kilomita 111 karibu na ikweta.

Grant, akiugua mguu, alibaki Karagwe hadi Aprili 1862. Speke alitangulia Buganda, na Februari akamtunukia Kabaka Mutesa zawadi, mojawapo kronomita ya dhahabu. Mwaka huohuo, katika maonyesho ya kimataifa ya London, watu walionyeshwa kronografu ya mfukoni ambayo mshale wake hurudi sifurini.

Ipi kati ya hizo mbili ni adimu zaidi? Daftari la kiwanda litahesabu zilizotengenezwa. Historia itauliza jingine: ipi ambayo njia yake yajulikana, kutoka mkono hadi mkono?

Swali hilo Karagwe yalielewa zamani. Ng'ombe na nyundo za chuma za hazina ya wafalme wake hazikuchongwa namba. Umri wake hutafutwa katika enzi, ya Ndagara, ya mwanawe Rumanyika, na enzi hukaa katika kumbukumbu za watu. Kumbukumbu ikifa, hubaki chuma kitupu.

Basi aliyerithi saa ya babu yake asiridhike na namba ya kasha. Hiyo yasema ilizaliwa lini. Haisemi iliishi wapi. Na aandike, maadamu wakumbukao wangali hai, ilinunuliwa kwa mavuno ya buni ya mwaka gani, na nani aliivaa.