Sumaku na Sarafu za Upare

Wakusanyaji wa sarafu wana mizani yao. Dhahabu huwekwa juu, fedha hufuata, na chini kabisa huachwa shaba, nikeli na chuma, ambavyo wao huviita metali duni. Shilingi 500 iliyotolewa mwaka 2014, yenye sura ya Karume upande mmoja na nyati upande wa pili, ni chuma kilichovikwa nikeli. Mkusanyaji wa namna hiyo huitumia kulipia nauli, wala haimpitikii kuihifadhi.

Miaka kadhaa iliyopita mtu mmoja wa kazi hiyo alipanda hadi kijijini kwetu, katika milima iliyo juu ya mji wa Same. Bibi yangu akamtolea kopo la sarafu alizoachiwa na wazazi wake na alizoziongeza mwenyewe. Mgeni alisoma miaka, kisha akatoa sumaku mfukoni. Rupia za Wadachi alizitenga; shilingi za kabla ya 1948 alizitenga pia. Senti zenye tundu hakuzijali, na zilizonaswa na sumaku alizirudisha koponi akicheka: "Hizi, bibi, nunulia chumvi."

Nilikuwapo, na kicheko kile kiliniudhi. Lakini tukiiacha hasira, twaweza kumuuliza mgeni yule, huo uduni ulianza lini? Rupia ya Wadachi ilikuwa na sehemu 917 za fedha katika 1,000. Florini ya Waingereza ya mwaka 1920 ilikuwa na 500. Shilingi iliyoifuata mwaka 1921 ilikuwa na 250 tu, na ile ya mwaka 1948 haikuwa na fedha hata chembe, bali shaba na nikeli. Simba aliyechorwa juu yake, na milima nyuma yake, ni yule yule. Shilingi ikabaki shilingi. Lugha yetu nayo haikubabaika: metali ya fedha ilitoka katika sarafu, jina la fedha likabaki.

Tena wakusanyaji wenyewe hawaifuati sheria yao. Mwaka 1916, wakati wa vita, Wadachi walipokatiwa njia ya bahari, walipiga sarafu katika karakana ya reli ya Tabora. Rupia 15 za dhahabu zenye tembo zilitoka pale, na heller 20 za shaba zilitoka pale pale, zikiwa na sura mbaya na kingo zisizo sawa. Vipande hivyo vya shaba leo hutafutwa kwa bidii. Havitafutwi kwa ajili ya metali yake; hutafutwa kwa kuwa vina habari ya kusimulia.

Basi habari ya Upare ni ipi? Mwezi wa Januari 1945 maelfu ya Wapare walishuka milimani wakaja Same, bila silaha, kuikataa mbiru, yaani kodi iliyokadiriwa kwa kupima mali ya kila mtu. Kodi ya zamani, iliyokuwa sawa kwa wote, hawakuikataa. Walichokikataa ni kupimwa, na mpimaji kujiamulia. Shilingi zilizobishaniwa siku zile zilikuwa na robo ya fedha. Mgeni wetu aliinunua robo ile, na habari ya mbiru hakuiulizia. Laiti angaliuliza, bibi alikuwa na jibu la kutwa nzima.

Na chuma je? Huko Ugweno, kaskazini ya milima hii, wahunzi waliokota mchanga wenye chuma katika vijito, wakauyeyusha kwa makaa na mivukuto. Majembe yao yalibadilishwa kwa mifugo, na Wachaga walikuwa miongoni mwa wanunuzi. Masimulizi yasema kwamba Washana, ukoo wa wahunzi, ndio waliotawala Ugweno hata walipopinduliwa na Wasuya. Profesa Isaria Kimambo ameyaeleza hayo katika kitabu chake cha historia ya Wapare cha mwaka 1969. Kwa watu hao chuma kilikuwa mali, tena kilikuwa enzi. Kilishuka thamani jembe la Ulaya lilipoletwa kwa bei nafuu, na tanuri za wahunzi zikazimika moja baada ya moja. Neno "duni" lilikuja na mzigo huo.

Kopo lile sasa liko kwangu. Nimezipanga zilizokataliwa kwa miaka: senti zenye tundu, sarafu za mwaka 1966 zenye sura ya Mwalimu Nyerere, shilingi 50 yenye kifaru na ndama wake. Wanafunzi wangu hupenda kuijaribu hiyo ya mwisho kwa sumaku. Siku moja nitawapeleka na sumaku hiyo hiyo Ugweno, tuipitishe katika mchanga wa kijito.