Kipimo Kimoja, Jina Moja: Historia Fupi ya Mtandao wa Vituo vya Hali ya Hewa

Katika makala haya tunakusudia kueleza kwa ufupi jinsi Afrika Mashariki ilivyopata mtandao wake wa vituo vya kupimia mvua, joto na kimo cha maji ya maziwa. Huenda msomaji akajiuliza historia hiyo inalihusu nini jarida la istilahi. Jibu letu ni kwamba mtandao wa namna hiyo ni mapatano kwanza, vyombo baadaye. Nayo mapatano hayadumu miaka mingi ikiwa maneno yake hayakukubaliwa.

Mwaka 1929 iliundwa idara moja ya hali ya hewa kwa ajili ya nchi za Afrika Mashariki zilizokuwa chini ya Uingereza. Makao yake yalikuwa Nairobi, na mkuu wake wa kwanza alikuwa Albert Walter, aliyetoka kwenye kazi kama hiyo kisiwani Mauritius. Vipimo vilikuwapo hata kabla ya hapo, kwani Wajerumani walikuwa wamepima mvua Tanganyika, na Waingereza Kenya, Uganda na Unguja; lakini kila serikali ilikuwa na desturi yake. Mwaka uliofuata, yaani 1930, ilianza kazi Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya nchi hizohizo, ili vitabu vya shule viandikwe kwa Kiswahili kimoja. Hatusemi kwamba idara ile ilizaa kamati hii. Tunachosema ni kwamba zote mbili zilikuta mambo mengi yenye manufaa yametawanyika, zikatafuta kanuni ya kuyalinganisha. Hata hivyo kila moja ilishika njia yake, na fomu za vituo ziliendelea kuandikwa kwa Kiingereza.

Tuitazame kazi yenyewe. Kipimamvua cha kawaida kilikuwa na mdomo wa inchi 5. Maji yaliyoingia yalimiminwa katika bilauri nyembamba yenye alama, iliyotengenezwa kwa mdomo wa ukubwa huo na si mwingine. Aliyevunja bilauri yake akaazima ya kipimamvua cha ukubwa tofauti aliandika tarakimu safi lakini ya uongo. Tena kipimo kilisomwa saa 3 asubuhi, ambayo katika saa za Greenwich ni saa 6, na katika mtindo wa Kiingereza wa hapa petu ni saa 9. Mwenye kuambiwa “saa tisa” bila maelezo, naye ni Mswahili, atakwenda kupima alasiri. Na mvua iliyosomwa asubuhi ni ya saa 24 zilizopita: je, iandikwe chini ya tarehe ya jana au ya leo? Kituo kimoja kikifanya hivi na jirani yake vile, dhoruba moja itaonekana katika vitabu kana kwamba ni mbili. Baadaye inchi ziliacha nafasi kwa milimita. Inchi 1 ni milimita 25.4, na aliyesahau kutaja kizio chake alimwachia mrithi wake fumbo.

Faida ya uvumilivu huo ilionekana kwenye Ziwa Victoria. Kimo cha maji yake kimepimwa huko Uganda tangu mwaka 1896, na kipimo cha Jinja ndicho kinachojulikana zaidi. Mwishoni mwa mwaka 1961 ilinyesha mvua kubwa mno, na kufikia mwaka 1964 ziwa lilikuwa limepanda kwa zaidi ya mita 2. Bandari na mashamba ya ufukweni yaliingia maji. Ingekuwa rahisi kulilaumu bwawa la Owen Falls, lililokamilika mwaka 1954, na kuishia hapo. Lakini zilikuwapo kumbukumbu za maji za zaidi ya miaka 60 na vitabu vya mvua, navyo vilishuhudia kwamba mvua ndiyo iliyojaza ziwa. Kutokana na tukio hilo, mwaka 1967 nchi zinazotumia maji ya Naili, zikiwamo Tanzania, Kenya, Uganda, Sudan na Misri, zilianza uchunguzi wa pamoja wa maji na hali ya hewa ya Maziwa Victoria, Kyoga na Albert, zikisaidiwa na Umoja wa Mataifa. Na ziwa lilipofurika tena mwaka 2020, swali la kwanza lilikuwa kama limeipita alama ya mwaka 1964. Pasingekuwa na alama, pasingekuwa na swali.

Hapa twafaa kutenganisha maneno mawili. Kina cha ziwa hupimwa kutoka sakafu yake. Kimo cha maji hupimwa kutoka alama ya sifuri iliyowekwa ufukweni. Gazeti likisema “kina cha ziwa kimefika mita 13”, msomaji ataelewa jambo ambalo kipimo hakikusema.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na pamoja nayo idara ya pamoja. Kila nchi ikabaki na vituo vyake na mzigo wa kuviendesha. Kwa upande wa Tanzania, kazi hiyo ilikabidhiwa Wakala mwaka 1999, na Mamlaka mwaka 2019. Mawingu hayakutambua mabadiliko hayo, na mvua ya Bukoba haiulizi mpaka. Lakini siku isiyopimwa haipimiki tena. Jengo lililobomoka hujengwa upya. Mwaka uliokosa kuandikwa katika kitabu hakuna fundi wa kuurudisha.

Urithi huo ndio unaotudai istilahi. Kwa muda mrefu “hali ya hewa” ilibeba maana mbili: hewa ya leo na kesho, na tabia ya mahali kwa miaka mingi, ambayo wataalamu huikadiria kwa wastani wa miaka 30, kama ile ya 1961 hadi 1990 na ya 1991 hadi 2020. Neno “tabianchi” limekuja kuzitenga, nasi twaliunga mkono. Mtu akisema mvua ya jana imethibitisha mabadiliko ya tabianchi, amechanganya siku moja na miaka 30. Vivyo hivyo tungependa “kupima” liwe la tendo la mara moja, na “kufuatilia” liwe la kupima palepale, kwa namna ileile, mwaka baada ya mwaka. Kuhusu majira, masika na vuli ni maneno ya pwani na ya nchi zenye mvua mara mbili. Kuyapeleka Dodoma au Songea, ambako msimu ni mmoja, ni kumwekea mkulima kalenda isiyo yake.

Haba na haba hujaza kibaba, wahenga walisema. Lakini lazima kibaba kiwe kilekile. Mwalimu, karani na mkulima wanaosoma kipimamvua kila asubuhi wanastahili fomu wanayoielewa bila mkalimani. Tunawasihi wataalamu wa hewa watuletee maneno wanayoyatumia kazini, nasi tuyajadili pamoja nao kabla kila ofisi haijajizoesha lake.